Nakuru na Bonde la Ufa la Kati: Ardhi, Reli, Shule na Lugha

1. Utangulizi

Jina Nakuru, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Katika mji huohuo, si mbali na ziwa, pana mtaa uitwao Kivumbini. Jamii mbili zilizopishana kwa miongo mingi zilisimama katika uwanda mmoja, zikaona vumbi lilelile la magadi na majivu ya volkano likipeperushwa na upepo wa kiangazi, kila moja ikapaita mahali hapo kwa lugha yake. Aliyekuja baadaye hakujua kwamba alikuwa akitafsiri jina lililokuwapo.

Mfano huo mdogo unabeba hoja kuu ya makala haya. Historia ya Nakuru na miji jirani, yaani Naivasha, Gilgil, Njoro, Molo na Rongai, ni historia ya watu waliofika kwa nyakati mbalimbali, kila kundi likiacha jina, mpaka, shule au deni lisilolipwa. Mara nyingi wanafunzi hufundishwa historia ya ardhi katika somo moja, historia ya elimu katika somo jingine, na historia ya Kiswahili katika somo la tatu. Makala haya yanadai kuwa katika Bonde la Ufa la kati mambo hayo matatu hayatenganiki. Shule zilijengwa juu ya ardhi iliyogombaniwa, na lugha ya taifa ilikua midomoni mwa watu ambao hawakuwa na haki ya kuimiliki ardhi hiyo.

2. Nchi na wakazi wake wa kale

Nakuru umekaa katika sakafu ya Bonde la Ufa, kwenye kimo cha takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kaskazini yake pana kasoko ya Menengai, mojawapo ya kasoko kubwa za volkano barani Afrika, yenye upana wa kilomita 12 hivi. Kusini pana Ziwa Nakuru, ziwa la magadi lililopata sifa duniani kwa sababu ya heroe wake na ambalo limekuwa mbuga ya taifa tangu mwaka 1968. Magharibi inapanda milima ya Mau. Mashariki, safu ya Bahati na Dundori.

Binadamu ameishi hapa tangu zama za kale sana. Huko Kariandusi, karibu na Gilgil, Louis Leakey na wenzake walifukua mwishoni mwa miaka ya 1920 mashoka ya mawe yenye umri wa mamia ya maelfu ya miaka, mengine yakiwa yamechongwa kwa jiwe jeusi la kioo cha volkano. Katika kilima cha Hyrax, viungani mwa mji wa Nakuru, Mary Leakey alifanya uchimbuzi katika miaka ya 1937 na 1938. Yalipatikana makaburi ya wafugaji wa kale, na pia yale mashimo yajulikanayo kama mashimo ya Sirikwa. Jambo litakalomvutia mwanafunzi wa Kiswahili ni kwamba katika miamba ya kilima hicho vimechimbwa vibao vya mchezo wa bao. Watu waliokuwa na mifugo ya kuchunga na maadui wa kuwakabili walipata pia wasaa wa kukaa wawili wawili na kuhesabu kete.

Kabla ya kuja kwa Wazungu, sehemu kubwa ya bonde ilikuwa malisho ya Wamaasai. Majina waliyoyaacha yamo katika ramani hadi leo. Naivasha limetokana na neno la maji yanayochafuka kwa mawimbi. Njoro lahusishwa na chemchemi. Rongai ni pembamba, kama uwanda uliobanwa. Olkaria ni udongo mwekundu waliojipaka morani. Menengai huelezwa kuwa mahali pa wafu. Masimulizi yanasema kuwa katika karne ya 19 makundi mawili ya Wamaasai, Ilpurko na Ilaikipiak, yalipigana katika eneo hilo, na walioshindwa wakatumbukizwa ndani ya kasoko. Moshi wa mvuke utokao katika nyufa zake ulifasiriwa kuwa ni roho zao zikitafuta njia ya kupanda juu.

3. Reli yafika, mipaka yachorwa

Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896. Nairobi ilifikiwa mwaka 1899, Nakuru mwaka 1900, na ukingo wa Ziwa Victoria mwishoni mwa 1901. Ni vyema kukumbuka jambo ambalo husahauliwa: reli ilipofika Nakuru, mahali hapo hapakuwa sehemu ya Himaya ya Afrika Mashariki. Palihesabiwa kuwa ndani ya mkoa wa mashariki wa Uganda. Mpaka ulihamishwa tarehe 1 Aprili 1902, na kwa amri moja ya maandishi Naivasha, Nakuru na Kisumu zikawa upande wa nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Wakazi hawakuulizwa.

Reli ilikuwa imegharimu fedha nyingi, na serikali ya Uingereza ilitaka ilipiwe kwa mazao. Walowezi wakaalikwa. Mwaka 1903 Lord Delamere alipewa ekari 100,000 katika eneo la Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Agosti 1904 Wamaasai, wakiwakilishwa na laibon Olonana na wazee wengine, waliingia katika mapatano na serikali ya kikoloni. Kwa mapatano hayo waliondoka katika bonde lililopitiwa na reli na kwenda katika hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini. Waliahidiwa kwamba mapatano hayo yangedumu muda wote Wamaasai watakapokuwapo. Hayakudumu hata miaka 7. Mwaka 1911 walihamishwa tena, safari hii kutoka Laikipia, ili nayo igawiwe walowezi. Walipopeleka malalamiko mahakamani mwaka 1913, kesi yao ilitupwa kwa hoja kwamba mapatano yale yalikuwa kama ya dola na dola, kwa hiyo mahakama ya kawaida haikuwa na uwezo wa kuyaamua.

Hapo ndipo msingi wa mambo yote yaliyofuata ulipowekwa. Bonde liliitwa tupu baada ya kutolewa watu.

4. Miji ya bonde

Miji ya Bonde la Ufa la kati ni watoto wa stesheni. Nakuru ulitambuliwa rasmi kuwa mji mwaka 1904, nao ulikua haraka kwa sababu ulikuwa katikati ya mashamba ya ngano, mahindi, pareto na ng'ombe wa maziwa. Chama cha wakulima wa kizungu, KFA, kilikuwa na makao yake makuu hapo, na baadaye bodi ya pareto vilevile. Katika miaka ya 1920 njia mpya ya reli ilijengwa kupitia Rongai na Timboroa kuelekea Eldoret na Uganda, na Nakuru ukawa njia panda. Gilgil nao ulipata tawi la reli la kwenda Thomson's Falls, ambao sasa ni Nyahururu.

Njoro ulikuwa uwanja wa majaribio. Ngano ya kwanza ya Delamere iliharibiwa na ugonjwa wa kutu, na ikambidi aajiri mtaalamu wa kuchanganya mbegu. Kazi hiyo ilirithiwa na kituo cha utafiti cha serikali kilichoanzishwa Njoro katika miaka ya 1920. Yafaa kutaja kwamba aina mpya na hatari ya kutu ya shina ilipogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, ni mashamba ya kituo hicho cha Njoro yaliyotumiwa, kuanzia mwaka 2005, kujaribu mbegu za ngano kutoka nchi nyingi za dunia. Tatizo la mkulima mmoja lilizaa ujuzi unaolinda mkate wa mamilioni.

Naivasha ulikuwa mji wa mifugo, kisha ukawa mji wa maua na wa umeme wa mvuke wa Olkaria, ambako mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka 1981. Molo na Elburgon, katika baridi ya Mau, ilijulikana kwa kondoo, viazi na mbao.

Ndani ya mji wa Nakuru kwenyewe, mpango wa makazi ulifuata rangi. Wazungu walikaa juu, mteremkoni mwa Menengai, katika mtaa ambao bado unaitwa Milimani. Wahindi, ambao wengi wao walifika kama mafundi wa reli na wenye maduka, walikaa karibu na barabara za biashara. Waafrika walikaa chini, upande wa ziwani, katika mitaa ya Bondeni na jirani zake. Milimani na Bondeni: majina hayo mawili ya Kiswahili, yaliyo wazi kwa kila msemaji, yanaeleza ngazi ya kijamii kuliko kurasa nyingi za ripoti za serikali.

Mji huo umeendelea kupanda cheo. Ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Bonde la Ufa hadi mikoa ilipotoa nafasi kwa kaunti mwaka 2013, na tarehe 1 Desemba 2021 ulitangazwa kuwa jiji, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Sensa ya mwaka 2019 iliipa Kaunti ya Nakuru watu 2,162,202, ikiwa ya tatu kwa wingi wa watu baada ya Nairobi na Kiambu.

5. Maskwota na njaa ya shule

Mashamba ya walowezi yalihitaji mikono. Familia za Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Waluo na wengineo ziliingia bondeni kutafuta kazi na malisho. Waliruhusiwa kulima kipande na kufuga, kwa sharti la kumfanyia mwenye shamba kazi. Hao ndio waliojulikana kama maskwota. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wafanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Sheria ya mwaka 1937 iliwapa walowezi uwezo wa kupunguza mifugo na vishamba vya maskwota. Mtu aliyezaliwa shambani, akalima pale na kuzika wazazi wake pale, alibaki kuwa mpangaji anayeweza kufukuzwa.

Tatizo la skwota lilikuwa pia la elimu. Katika hifadhi za Waafrika palikuwa na misheni na shule zake. Katika nyanda za juu za Wazungu, hali ilikuwa tofauti. Mtoto wa skwota alitegemea huruma ya mwenye shamba, ambaye mara nyingi alimhitaji mtoto huyo achunge ng'ombe au achume pareto. Wazazi wakajitafutia njia. Vuguvugu la shule huru za Wakikuyu, lililoshika kasi baada ya mgogoro wa mwaka 1929 kati ya wamisheni na wafuasi wao, lilifika bondeni pamoja na wafanyakazi. Wazazi wenyewe walichanga, wakajenga, wakamlipa mwalimu.

Mfano ulio mchungu zaidi ni wa Olenguruone, katika Mau ya magharibi. Kuanzia mwaka 1941 serikali iliwapa makazi huko maskwota waliokuwa wamefukuzwa kwingine. Wao waliamini kuwa wamelipwa ardhi yao iliyochukuliwa. Serikali ilisema ni wapangaji wenye kufuata masharti ya kilimo. Walikataa kutia sahihi. Wakala kiapo cha umoja, wanaume kwa wanawake, hata watoto. Kufikia mwaka 1950 walikuwa wameondolewa, na baadhi yao wakapelekwa katika nchi kavu ya Yatta. Wanahistoria, akiwamo Tabitha Kanogo aliyeandika kitabu kuhusu maskwota hao mwaka 1987, wameonyesha kuwa mizizi ya vita vya Mau Mau imo katika mashamba hayo ya bonde sawa na ilivyo katika Nairobi na mkoa wa Kati. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, shule huru nyingi zilifungwa, na maelfu ya Wakikuyu walifukuzwa bondeni. Tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau walishambulia kituo cha polisi cha Naivasha, wakachukua silaha na kuwafungua wafungwa.

6. Shule za rangi na mageuzi yake

Katika kipindi hichohicho walowezi hawakukosa shule. Pembroke House ilifunguliwa Gilgil mwaka 1927, na shule ya Mtakatifu Andrew ya Turi, karibu na Molo, mwaka 1931. Shule ya Turi iliteketea kwa moto mwaka 1944, ikajengwa upya kwa msaada wa mateka wa kivita wa Kiitaliano. Tofauti yafaa kuzingatiwa: shule ya mtoto mmoja iliungua ikainuliwa kwa mawe, shule ya mwingine ilifungwa kwa amri.

Kisa cha Egerton kinaeleza mageuzi kuliko kingine chochote. Mwaka 1939 Lord Maurice Egerton alianzisha Njoro shule ya kilimo kwa ajili ya vijana wa Kizungu waliotaka kuwa wakulima. Ardhi aliyoitoa ilikuwa ekari 740. Kufikia miaka ya 1950 shule hiyo ilikuwa chuo kinachotoa cheti na stashahada. Mwaka 1958, ambao pia ndio mwaka alioaga dunia, mwanzilishi huyo aliongeza ekari 1,100, na muda mfupi baadaye milango ilifunguliwa kwa watu wa rangi zote. Mwaka 1986 chuo hicho kilifanywa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1987 kikawa chuo kikuu kamili kwa sheria ya Bunge. Hivyo mahali palipokusudiwa kumfundisha mtoto wa mlowezi namna ya kusimamia shamba pakawa mahali ambapo mjukuu wa mfanyakazi wa shamba hilo husoma shahada, ikiwamo shahada yenye somo la Kiswahili.

Mageuzi hayo hayakuja yenyewe. Tarehe 12 Agosti 1963 Jomo Kenyatta aliwahutubia walowezi mjini Nakuru, akawahakikishia kuwa wangeweza kubaki na kulima. Mashamba mengi hata hivyo yaliuzwa, kwanza kupitia mpango wa makazi wa ekari milioni moja, kisha kwa kampuni na vyama vya ununuzi ambamo maskini walichanga shilingi zao. Walipopata vipande vyao, jambo la kwanza walilofanya pamoja katika sehemu nyingi lilikuwa kutenga eneo la shule. Shule za harambee zilienea. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Bonde la Ufa mjini Nakuru ilitokana na moyo huohuo wa michango ya miaka ya 1970. Kabarak, shule iliyoanzishwa na Daniel arap Moi mwaka 1979, ilizaa baadaye chuo kikuu kilichopata hati ya idhini mwaka 2008. Wahenga walinena, usione vyaelea, vimeundwa.

7. Kiswahili bondeni

Lugha gani iliwaunganisha watu hawa wote? Ilikuwa Kiswahili, lakini njia yake haikuwa nyoofu. Shambani palizuka namna ya kusema iliyoitwa Kisetla. Ndani yake upatanisho wa ngeli ulivunjwa na ukanushi ukabebwa na neno hapana. Badala ya sijui ilisemwa mimi hapana jua. Badala ya kitu changu, kitu yangu. Haikuwa lugha ya mazungumzo bali ya maagizo: leta, peleka, ngoja, haraka. Mtu aliyeisikia lugha hiyo kwa namna hiyo maisha yake yote angeweza kudhani kuwa Kiswahili ni lugha isiyo na adabu wala fikra.

Hata hivyo, palikuwa na Kiswahili kingine. Kilisemwa na wafanyakazi wa reli katika landi zao, na wauza nguo na chai sokoni, misikitini na makanisani, na majirani wa Bondeni ambao hawakuwa na lugha ya mama moja. Ndicho kilichotoa majina ya mahali: Bahati, Maji Tamu, Kampi ya Moto, Ponda Mali. Yakisomwa pamoja na Kaptembwo la Kikalenjin, Mai Mahiu la Kikikuyu, Shabab lenye asili ya Kiarabu na hata mtaa uitwao London, majina hayo ni kama tabaka za udongo wa Hyrax, kila kizazi juu ya kingine.

Shuleni, mabadiliko makubwa yalikuja mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, ukafanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Katiba ya mwaka 2010 ikakifanya kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, juu ya hadhi yake ya lugha ya taifa.

Ingekuwa rahisi kumalizia hapo kwa shangwe. Lakini ukweli una sura ya pili. Mwaka 1992 na tena 1998 maeneo ya Molo na Njoro yalikumbwa na mapigano ya kikabila. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini, na mwishoni mwa Januari 2008 Nakuru na Naivasha ziliwaka. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru, mahali palipojengewa sherehe ya mavuno, ukawa kambi ya waliofurushwa. Waliofukuzana walisema lugha moja. Walikuwa wamesoma ngeli zilezile katika madarasa yaleyale. Katika siku kama hizo jina na lafudhi huweza kumponza mtu, na Kiswahili chake fasaha kisimwokoe.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa katika Bonde la Ufa la kati shule imekuwa zaidi ya jengo la kusomea. Kwa skwota ilikuwa mali ambayo mwenye shamba hakuweza kuihesabu wala kuipunguza kama ng'ombe. Kwa serikali ya kikoloni ilikuwa mpaka wa rangi. Kwa wanunuzi wa mashamba ilikuwa ithibati kwamba wamefika na hawatahama tena. Ndiyo maana vita vya bonde vinapozuka, kufungwa kwa shule huumiza kuliko hasara nyingine nyingi.

Aidha, imebainika kuwa lugha ya pamoja haitoshi kuleta haki ya pamoja. Kiswahili kilitoka katika maagizo ya shambani hadi mihadhara ya chuo kikuu, na huo ni ushindi usiopaswa kubezwa. Lakini msemaji wa lugha hiyo anapaswa kuitumia kuuliza yale ambayo Kisetla hakikuruhusu kuulizwa: ardhi hii ilikuwa ya nani, ilipatikanaje, na nani bado hana pa kulala. Mwanafunzi wa Kiswahili asiyejua kwa nini Milimani ni Milimani na Bondeni ni Bondeni amejifunza msamiati tu. Anayejua ameanza kusoma nchi yake.

Maswali ya kujadiliwa

1. Eleza jinsi reli ilivyoathiri umiliki wa ardhi na kuzuka kwa miji katika Bonde la Ufa la kati.
2. Linganisha nafasi ya shule huru na ya shule za harambee katika maisha ya wakazi wa mashamba ya bonde.
3. "Kisetla kilikuwa lugha ya maagizo." Jadili kauli hii kwa kuzingatia sifa za kisarufi na uhusiano wa wasemaji.
4. Kusanya majina kumi ya mitaa au vijiji vya eneo lako. Yapange kwa lugha yanakotoka, kisha ueleze yanavyodokeza historia ya wakazi.